Mche wa Kona Baridi



Ninyi mliosafiri kwa barabara ya Magadi mwaijua Kona Baridi, mbele ya Kiserian, kabla barabara haijateremka kuelekea Bonde la Ufa. Jina lake si mzaha. Theluji hatuna, lakini tangu Juni hadi Agosti twaja ibadani tumejifunga mablanketi.

Tulitaka maua ya kupanda ukutani kwenye kanisa letu dogo. Ndugu mmoja akatuletea kutoka pwani mche wa pasheni ya manjano, tukaupokea kwa furaha kwa ajili ya ua lake. Huenda umekula pasheni miaka mingi bila kulitazama ua hilo. Wamisionari wa Hispania waliolikuta Amerika ya Kusini karne nyingi zilizopita waliona ndani yake habari za msalaba: nyuzi zinazozunguka ni taji ya miiba, vikonyo vitano vyenye chavua ni majeraha matano, na vile vitatu vya juu ni misumari mitatu. Hata jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mateso.

Tuliupanda mwisho wa Mei, pembeni palipo wazi. Kabla ya Julai kwisha majani yalikuwa meusi, mche umekufa. Tukasema, “Mche ule ulikuwa dhaifu.”

Mzee wetu mmoja akatikisa kichwa. “Mche hauna kosa,” akasema. “Kosa ni letu tulioupanda.” Akatufundisha kwamba pasheni ya manjano ni ya nchi ya joto, ya zambarau ndiyo ya nyanda za juu. Tena ipandwe mvua za masika zinapoanza, ili mizizi ishike kabla ya baridi. Iwekwe upande wa ukuta usiopigwa na upepo, ipewe samadi, na fito za kushika. Hata bogenvilia, ambayo ikikomaa huvumilia ukame, ingali changa yataka kukingwa. Na huko Ulaya kwenye theluji, wapandao ua liitwalo klematisi hufukia sehemu ya shina lake, ili baridi ikiua matawi, machipukizi yatoke tena udongoni.

Maneno ya mzee yalituchoma kwa jambo jingine. Mwaka uleule kijana mmoja wa pwani alikuja kufanya kazi huku kwetu. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, palepale penye upepo. Tulimpa mkono, tukaenda zetu. Hakuna aliyemwalika chai. Alipoacha kuja, tulisema, “Imani yake ilikuwa haba.”

Wapenzi, mche twaweza kuuchagua: huu wafaa, huu haufai. Watu hatuwachagui sisi. Bwana ndiye awaletaye. Kazi yetu ni kuwa ukuta. Mmea wa kutambaa hausimami kwa nguvu zake, wasimama kwa kile unachokishika. Majirani zetu Wamaasai hawamwachi ndama mchanga penye upepo wa usiku eti apate kuzoea; humlaza ndani ya nyumba.

Tulikwenda kumtafuta yule kijana. Tulimkuta chumbani kwake, na kabla hatujasema neno akawasha jiko, akatupikia chai ya tangawizi. Yeye ndiye aliyetukaribisha. Tulikunywa tukiwa na haya.

Leo pasheni ya zambarau imeshika ukuta wetu, na mikono iliyofunga fito zake ni ya kijana huyo. Jumapili ijayo, ndugu msikilizaji, tazama benchi la mwisho. Ni nani aliyekaa penye upepo?

Tuombe. Ee Bwana, uliyejeruhiwa kwa ajili yetu, utusamehe tuliowahukumu wale tulioshindwa kuwakinga. Utufanye kuwa ukuta kwa walio wachanga. Amina.