Imani na Matendo Mema



Wapendwa wasikilizaji, leo twauliza: je, yatosha mtu kuamini na kubatizwa?

Mtakatifu Paulo awafundisha Waroma kwamba mtu hupata haki mbele ya Mungu kwa imani, wala si kwa matendo ya Torati. Mtakatifu Yakobo naye, katika sura ya 2 ya barua yake, afundisha kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Wengine hudhani Mitume hao walibishana. La, sivyo. Paulo amsemea mtu aliye bado mlangoni: hana mali ya kununulia neema, Mungu ampa bure. Yakobo amsemea yule aliyekwisha ingia nyumbani, akaketi tu, asimpe mwenye njaa chakula. Mtaguso wa Trento ulilieleza jambo hili mwaka 1547: neema yatangulia, nasi twaikubali na kufanya kazi pamoja nayo. Tena mwaka 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Waluteri walitia sahihi tamko moja juu ya fundisho hili. Basi tusigombane njiani na jirani zetu Waprotestanti kwa ajili yake.

Shida yetu ni nyingine. Mume akifa, ndugu zake huja. Rozari i shingoni, karti ya batizo i sandukuni, na midomo yasali kwa ajili ya roho ya marehemu. Matanga hayajaisha, wamekwisha kuhesabu mbuzi, wamechukua vyungu na mabati, na mjane arudishwa kwao mikono mitupu. Wasema: ndiyo desturi ya wazee. Lakini wazee wetu walijua pia kumtunza mjane na yatima. Mbona desturi hiyo haikumbukwi? Na mtu wa namna hii asidhani kwamba akiongeza sadaka ya Dominika atakuwa amelipa. Sadaka haifuti wizi. Mali ya mjane irudishwe.

Tumtazame Mwenye Heri Isidori Bakanja, mkristu wa nchi yetu. Alibatizwa mwaka 1906, katika jimbo la Ekwatoria. Hakuwa padri wala mwalimu wa shule. Alikuwa kijana mfanyakazi. Aliwafundisha wenzake sala, akavaa skapulari ya Bikira Maria. Msimamizi mzungu wa shamba alilofanyia kazi alichukia mambo hayo, akaamuru apigwe viboko mpaka mgongo wote ukawa kidonda. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, baada ya kuteseka miezi mingi. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994.

Skapulari yenyewe ni kitambaa. Wengi huivaa, hata wale waliobeba mabati ya mjane. Lakini Bakanja, akioza mgongo, alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Hapo twaona imani yake ilikuwa hai.

Baada ya somo hili, mkatekista awaulize wakristu: katika kijiji chetu, ni mjane gani aliyenyang'anywa, na ni nani kati yetu atakayekwenda naye kwa ndugu za mumewe kabla ya Dominika?