BUNDUKI MBOVU NAYO NI BUNDUKI

(Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Kesses)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbolea wala ng'ombe wa maziwa. Tumekuja na jambo ambalo watu hulinong'ona tu jikoni. Je, ukipata bunduki kuukuu nyumbani mwako, utaifanyia nini?

Hatusemi hadithi. Mama mmoja mjane, mwanachama wa kikundi cha hapa kwetu, alikuwa anabomoa stoo ya mahindi ili ajenge nyingine. Juu ya boriti, ndani ya gunia, akakuta bunduki ya marehemu mumewe. Mtutu umeliwa na kutu, kitako kimepasuka na kufungwa kwa waya. Mzee aliipata zamani, na wakati wa vita vya 1992 alikuwa akilala nayo mlangoni. Cheti hakuna. Mama akashikwa na hofu, akaja kwetu usiku.

Tulipoketi na watu wake wachache, kila mtu alikuwa na shauri lake. Na tuseme ukweli, hata sisi hatukujua la kufanya mara moja. Haya ndiyo mashauri yaliyotolewa, na sababu za kuyakataa.

Wa kwanza akasema, "Itupwe kwenye bwawa, yaishe." Lakini bwawa hupungua kiangazi, na watoto huenda huko kuchota maji na kuvua samaki. Kitu kilichotupwa huonekana tena, na mtu mwingine asiye na kosa ndiye atakayeulizwa kimetoka wapi. Kuizika shambani ni vivyo hivyo. Jembe litaifukua siku moja, labda mikononi mwa mjukuu.

Wa pili, kijana wake, akasema, "Tumuuzie mnunuzi wa vyuma kuukuu, tupate pesa ya mabati." Hapo tulisimama imara. Bunduki iliyotoka mikononi mwako hujui itakakofika. Mnajua wenyewe kwamba bunduki za kujitengenezea kwa mabomba zimewahi kukamatwa katika nchi hii. Fundi mwenye nia mbaya akipata mtutu wa kweli, amepunguziwa kazi. Halafu siku mtu akiuawa, pesa ya mabati itakuwa pesa ya damu.

Wa tatu akasema ikatwe kwa msumeno au ichomwe moto. Hii ni hatari kabisa. Bunduki kuukuu inaweza kuwa na risasi ndani miaka mingi bila mtu kujua, maanake kutu imeziba kila kitu. Risasi ikipata moto hulipuka. Usiivute, usiipige nyundo, usijaribu kuona kama bado inalia. Mtutu uliooza unaweza kupasukia usoni mwako.

Wa nne, shemeji yake, akataka apewe aiweke kama ukumbusho wa ndugu yake. Tulimwelewa, kwa sababu mtu hukumbukwa kwa vitu vyake. Lakini cheti cha bunduki hupewa mtu kwa jina lake. Hairithiwi kama ng'ombe. Angalipokea kumbukumbu, angalipokea pia na kesi.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya silaha za moto ya Kenya, Sura ya 114, inakataza mtu kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Wengi hudhani bunduki iliyoharibika imeacha kuwa bunduki. Sivyo. Sheria inahesabu hata sehemu zake. Kifungo chake ni cha miaka, si cha siku. Tusicheze.

Basi ikabaki njia moja, yaani kuirudisha kwa serikali. Lakini namna ya kuirudisha ndiyo kazi. Sikilizeni vizuri.

Kwanza, iacheni pale ilipo. Fungeni mlango, watoto wasikaribie. Msiibebe kwa matatu wala kwa bodaboda kuipeleka kituoni. Ukikutwa nayo njiani, utajitetea vipi?

Pili, mwenye nyumba asiende peke yake. Aende na chifu au naibu wake, na mzee wa kijiji au kiongozi wa kanisa. Akiweza kumwona wakili kwanza, ni vyema zaidi. Aeleze kwa polisi imepatikana wapi, lini, na nani ameiona. Wao ndio waje kuichukua.

Tatu, jambo liandikwe katika kitabu cha matukio kituoni, na mwenye nyumba apewe namba ya OB. Namba hiyo aiweke pamoja na hati za shamba. Kama bunduki ina namba, nayo iandikwe.

Nne, asiseme uongo hata kidogo. Hatuwezi kuwadanganya kwamba hakuna maswali. Serikali hutangaza msamaha nyakati fulani kwa wanaosalimisha silaha, na huo ndio wakati mwema kabisa. Nje ya wakati huo, polisi wana haki ya kuuliza. Ndiyo sababu tunasema nenda na mashahidi, na nenda mapema. Anayekuja mwenyewe si sawa na anayefuatwa.

Yule mama alikwenda. Sisi tulikuwa naye. Aliulizwa mengi, mikono ikitetemeka, lakini jioni alirudi nyumbani na namba yake.

Lakini kilichotugusa zaidi kilitokea baadaye, kikundi kilipokutana. Mama mwingine, jirani wa kabila lingine, alisimama akasema, "Miaka yote hiyo sisi tulijua kuna bunduki katika boma lile. Kila wakati wa kura tulikuwa tukifunga vitu vyetu mapema." Yule mjane akashangaa. Kumbe bunduki yenyewe ilikuwa haiwezi hata kufyatua! Kwake ilikuwa chuma kilichosahauliwa kwenye stoo, na kwa jirani ilikuwa usingizi uliopotea. Waliuziana maziwa, walichanga pesa pamoja kila mwezi, na jambo hili halikutajwa.

Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa. Burnt Forest imeona moto 1992, ikauona tena mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Marehemu Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, aliyewapokea maelfu ya wakimbizi katika uwanja wa kanisa kuu wakati ule, alifundisha kwamba amani huanzia mashinani. Watu wachache huketi, husema uchungu wao, kisha hufanya kazi pamoja. Kikundi cha kujisaidia ni mahali pa namna hiyo.

Na wengine wametutangulia. Msumbiji, baada ya vita vilivyoisha 1992, Baraza la Kikristo pamoja na Askofu Dinis Sengulane walianza 1995 kupokea bunduki na kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani. Lile neno la nabii Isaya juu ya panga na majembe walilifanya kuwa kazi ya mikono. Hapa Kenya, mwezi wa Juni 2021, serikali ilichoma bunduki 5,144 huko Ngong. Katika rundo kama hilo, kila moja ilikuwa na boma lake ilikotoka.

Kwa hiyo tunawaomba, msingoje stoo ibomoke. Mwenye kitu na aseme. Na akisema, kikundi kisimkimbie, kimsindikize.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Je, mwanachama wetu akipata silaha leo, angemwambia nani kwanza? Kwa nini?

2. Ni hofu gani tulizo nazo juu ya majirani ambazo hatujawahi kuzitaja?

3. Nani katika kikundi chetu atakubali kumsindikiza mwenzake kituoni?