Kuongoza Waandishi wa Programu za Kompyuta
(Hotuba kwa wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mlioacha mpira ili mtusikilize:

Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, nami naongoza timu ya waandishi wa programu za kompyuta zinazokokotoa mafao ya wastaafu. Kabla ya cheo hiki niliandika programu mwenyewe kwa miaka 11. Watu hudhani aliyepandishwa hivyo hufanya kazi ile ile kwenye meza kubwa zaidi. Kumbe siku hizi napimwa kwa programu nisizoziandika mimi.

Nitaeleza hasa jambo linalowasumbua viongozi wengi wa kazi hii, nalo ni kuchelewa.

Mwaka juzi kazi yetu moja ilichelewa miezi mitatu. Mzee anayengoja mafao yake hana subira ya kuelezwa habari za kompyuta, wala simlaumu. Tulikuwa sita. Wakubwa wakasema, kwa nia njema, tuongezewe wengine sita tumalize kwa nusu ya muda. Nikakataa, kikaoni, mbele ya watu walionizidi cheo.

Shamba la shule likilimwa na vijana 40 litakwisha upesi kuliko likilimwa na 20. Programu haiendi hivyo. Mgeni huanza kwa kuuliza, na wa kumjibu ni yule yule mwenye kazi iliyochelewa. Tena watu 6 wana jozi 15 za kuelewana. Watu 12 wana jozi 66. Wenye mashaka wazidishe 12 kwa 11, kisha wagawe kwa 2.

Habari hii si mpya. Frederick Brooks, Mmarekani wa kampuni ya IBM, aliongoza utengenezaji wa programu kuu ya kompyuta za System/360, zilizotangazwa mwaka 1964. Kazi ile ilichelewa, ingawa kuna wakati watu walioifanya walizidi 1,000. Mwaka 1975 alitoa kitabu, The Mythical Man-Month, akieleza kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huzidi kuichelewesha. Alifariki mwaka 2022, na kitabu chake kingali kinasomwa.

Basi badala ya kuongeza watu tukapunguza kazi. Tuliketi na maofisa wa mafao siku mbili kutwa, tukatenga yasiyoweza kungoja: malipo ya mkupuo, pensheni ya kila mwezi, na warithi. Taarifa za wakubwa, zenye michoro na rangi, zikawekwa nyuma. (Hapo nilipoteza marafiki.) Wiki ya tisa wazee wa kwanza wakalipwa.

Pia kwetu hakuna programu inayoanza kutumika kabla mtu mwingine hajaisoma. Gerald Weinberg aliandika tangu mwaka 1971 kwamba mwandishi asiione programu kuwa mali yake binafsi. Vijana wenye digrii nzuri huona wanadharauliwa. Kwa hiyo hata vipande vichache ninavyoandika mimi husomwa mbele ya wote. Kijana mwenye miezi minne kazini, akisoma kazi ya mkongwe wetu, aliuliza: aliyezaliwa Februari 29, 1964, alitimiza lini miaka 55? Mwaka 2019 tarehe hiyo haikuwamo katika kalenda. Mkongwe alinyamaza kidogo, kisha akamsogezea kiti.

Yupo pia wa kuondoka. Wawili wamekwenda benki, kwa mishahara nisiyoweza kuifikia, nami niliwaandikia barua za kuwasifu kwa sababu walistahili. Nafasi zao zilishikwa na wale waliokuwa wakisoma kazi zao, na malipo ya mwezi uliofuata yalitoka tarehe yake.

Ndugu Mwenyekiti, kengele ya chakula imekaribia. Kidato cha Sita wenye maswali ya zile jozi, nipo hapa mpaka saa kumi.