Mlaze Kiubavu
Leo nasema na wewe unayelinda mgonjwa hospitalini.

Mwaka 2025 jarida la The Lancet lilitoa uchunguzi wa nchi 22 za Afrika, wagonjwa karibu 20,000. Kati ya kila 8 waliolazwa, 1 alikuwa mahututi, na wengi wao walilala vyumba vya kawaida tu. Mahututi 1 kati ya 5 alikufa ndani ya juma moja. Oksijeni ilikosekana sana. Hiyo inataka mashine na umeme, tuwaachie wakubwa. Lakini kumlaza kiubavu asiye na fahamu hakulipiwi hata faranga moja, na wengi hawakufanyiwa.

Anakoroma na haamki? Huenda ulimi umeziba koo. Mwite muganga, msaidiane: mgeuzeni ubavu, mkono chini ya shavu, goti la juu likunjwe mbele, mdomo uinamie chini matapishi yatoke. Aliyeanguka na pikipiki, shingo yake msiiguse kabla muganga hajafika.

Hesabu pumzi pia, dakika nzima. Zikipita 30 kwa mtu mzima, usingoje kuche. Kamwamshe aliye zamu.