Mbwa Aliyekimbia Mbali Zaidi

Leo niwapeleke Alaska, kwenye baridi ambayo sisi hatuijui. Kina mama wa kliniki mnajua chanjo ya dondakoo. Basi, Januari 1925 dondakoo iliingia mji wa Nome, watoto wakaanza kufa. Dawa ipo, lakini mbali. Bahari imeganda, meli haipiti. Treni ikaifikisha Nenana. Kutoka hapo zikabaki kilomita kama 1,085 za theluji.

Wakatoka madereva 20 na mbwa kama 150, wakivuta sleji, kile kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu. Wakapokezana, na wengi wao ni wenyeji wa kule ambao majina yao huyasikii. Wa mwisho, Gunnar Kaasen, upepo ulimpindulia sleji usiku, kifurushi cha dawa kikapotea thelujini. Jamani! Akapapasa kwa mikono mitupu mpaka akakipata. Tarehe 2 Februari dawa ikafika.

Balto, mbwa aliyeongoza timu yake, akawekewa sanamu New York mwaka uleule. Lakini kipande kirefu kuliko vyote, hadi juu ya barafu ya bahari, aliongoza Togo, mbwa mzee wa miaka 12. Mwenyewe, Leonhard Seppala, jambo hilo lilimuuma, na mimi simlaumu. Hata kwetu, anayefunga mkutano ndiye anayepigwa picha. Ndugu mnaoandaa jarida hili, wale vijana waliovusha viti na vyombo mpakani usiku ule wa mvua, picha yao iko wapi?