Vibali vya Miradi Mikubwa ya Umeme wa Jua Tanzania: Suala la Ardhi ya Kijiji

Mada kwa semina ya maofisa ardhi, mipango na mazingira wa halmashauri

1.0 Utangulizi

Maana ya umeme wa jua sote tunaijua. Mradi mkubwa, kwa mada hii, ni ule unaoingiza umeme kwenye gridi ya Taifa, kama wa Kishapu, Shinyanga, uliopangwa kufikia megawati 150.

2.0 Vibali vinavyohitajika

Kwa ufupi: leseni ya EWURA chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, mkataba wa kuuziana umeme na TANESCO, cheti cha mazingira kupitia NEMC na kibali cha ujenzi. Fomu zipo, sitazirudia.

3.0 Ardhi

Megawati moja huhitaji takriban hekta moja na nusu hadi mbili. Mradi wa megawati 150 basi unakaribia au kuvuka hekta 250, na hapo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabadilisha mwenye uamuzi. Chini ya kiwango hicho, mkutano mkuu wa kijiji hukubali au hukataa uhaulishaji. Juu yake, mkutano hupendekeza, Waziri huamua.

Hilo lingevumilika. Linalotukwamisha mwaka hadi mwaka ni fidia. Ardhi haihaulishwi kabla ya kukubaliana kuhusu fidia, na uthamini ambao haujalipwa ndani ya miaka miwili hupoteza nguvu kisheria. Mwekezaji halipi kabla ya kupata mkopo. Benki haikopeshi bila hati ya ardhi na mkataba wa kuuziana umeme. Mkataba nao unadai uthibitisho wa ardhi. Miaka miwili inaisha, tunathamini upya.

Wakati huo wote mwanakijiji aliyethaminiwa hajengi wala hapandi mti wa kudumu. Akimuuliza mtendaji wa kijiji atalipwa lini, mtendaji anatuuliza sisi. Taarifa tumeandika, jibu ni kwamba suala linashughulikiwa.

Sinyooshei kidole taasisi yoyote. Kila moja inafuata sheria yake, na ndiyo maana tatizo hili halina mwenyewe.

4.0 Mapendekezo

1. Uthamini usianze kabla chanzo cha fedha za fidia hakijathibitishwa kwa maandishi.
2. Fidia iwekwe kwenye akaunti maalumu kabla ya Mthamini Mkuu kuidhinisha jedwali.
3. TANESCO ikubali makubaliano ya awali na kijiji kama uthibitisho wa ardhi.
4. Mkutano mkuu wa kijiji uelezwe tarehe ya mwisho ya uthamini, na ibandikwe ofisi ya kijiji.
5. Tarehe hiyo ikipita bila malipo, mwanakijiji aruhusiwe kwa barua kuendeleza shamba lake.
6. Eneo la mradi mmoja lisikatwe vipande ili kukwepa kikomo cha hekta 250.
7. Iteuliwe ofisi moja ya kufuatilia faili la fidia mpaka malipo yakamilike.
8. Kwa msisitizo: uthamini usianze kabla ya fedha kuthibitishwa.