Kazi Bila Ujira: Fundisho la Maisha ya Emmy Noether



Ndugu wapendwa, tunapoitaja dhuluma, mara nyingi tunawaza wizi wa mali au ugomvi wa mashamba. Leo tunapenda kuitazama dhuluma ya namna nyingine, ile itendwayo kwa adabu, vikaoni, na watu wenye elimu. Tutautwaa mfano wa mwanahisabati wa Ujerumani, Emmy Noether.

Alizaliwa mwaka 1882 mjini Erlangen, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati. Mwaka 1900 binti huyo alifaulu mtihani wa kufundisha Kifaransa na Kiingereza katika shule za wasichana. Lakini moyo wake ulikuwa katika hisabati, na chuo kikuu cha Erlangen kilikuwa bado hakiwaandikishi wanawake. Aliketi tu na kusikiliza, tena kwa idhini ya kila mwalimu. Mlango ulipofunguliwa aliingia mwaka 1904, na mwaka 1907 alifaulu mtihani wa udaktari kwa sifa ya juu kabisa.

Je, alipata kazi? Kazi aliipata, mshahara hakuupata. Tangu 1908 hadi 1915 alifanya utafiti Erlangen bila ujira, na pengine kumshikia baba yake vipindi alipougua.

Mwaka 1915 wanahisabati mashuhuri David Hilbert na Felix Klein walimwita Göttingen. Baadhi ya maprofesa walipinga asipewe kibali cha kufundisha. Waliuliza askari warudipo kutoka vitani wataonaje kufundishwa na mwanamke. Hilbert alimtetea, asifaulu. Basi masomo yakatangazwa kwa jina la Hilbert, naye Noether akayafundisha.

Katika hali hiyo, mwaka 1918, alithibitisha kanuni ambayo wanafizikia wanaitegemea hata leo. Kwa ufupi inaonyesha kwamba, kwa kuwa sheria za maumbile hazibadiliki kwa kupita kwa wakati, nishati haipotei, bali hugeuka umbo tu. Klein ndiye aliyeiwasilisha mbele ya wanasayansi wa Göttingen, maana mwenyewe hakuwa mwanachama wao.

Kibali kilitolewa mwaka 1919. Mwaka 1922 alipewa cheo cha profesa kisicho na mshahara, na malipo madogo yakafuata mwaka 1923. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulimwondoa kwa sababu ya Uyahudi wake. Alihamia Marekani, akafundisha katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, na huko alifariki tarehe 14 Aprili 1935, baada ya kupasuliwa. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Ndugu zangu, dhuluma ya mwaka 1933 ilitendwa na madhalimu, nasi twaitambua mara moja. Ile ya kwanza ilitendwa na watu waheshimiwa, kila mmoja akisema anafuata utaratibu. Hiyo ndiyo iliyo karibu nasi. Kwa hiyo tusimsifu Noether kwa uvumilivu wake huku tukiwasahau waliomlazimisha kuvumilia. Wala tusidhani kwamba alistahili haki kwa kuwa alikuwa na akili ya pekee. Ujira ni haki ya kila afanyaye kazi, awe profesa au mpishi.

Tukirudi katika jumuiya zetu ndogondogo, tutafakari haya:

1. Katika parokia yetu, ni nani afanyaye kazi ambayo hutangazwa kwa jina la mwingine?
2. Ni akina mama gani tunaowashukuru kwa maneno ilhali tunapaswa kuwalipa?
3. Karo isipotosha nyumbani, ni mtoto yupi anayeachishwa shule kwanza, na kwa sababu gani?

Tujibu kwa ukweli, hata kama jibu litatuhukumu sisi wenyewe.